Dau la Mtungi wa Maji

Naam, jamaa zangu, poleni kwa kusubiri. Tangu wiki iliyopita sijapita njiani kwa amani. Kila kona mtu ananishika mkono na kuniuliza simbi ya nne ilitua vipi. Haya, kaeni vizuri.

Tulimwacha Fikirini wa Masasi amepiga magoti kwenye mkeka wa kamari, uani kwa mtu aitwaye Bwanali, hapa juu Newala. Simbi tatu, zile kauri za kamari, zimeshatua, midomo juu. Ya nne inazunguka kama haina haraka. Ikilala mdomo juu, Fikirini anazoa kila kilichowekwa mkekani. Ikilala mgongo juu, anaacha dau lake.

Na dau lake, kijana huyu asiye na haya, ni debwani jipya lenye pindo jekundu. Mama yake alilinunua Lindi kwa mavuno yake yote ya ufuta. Lilikuwa liende kwa mjomba wa mchumba wake Somoe, liwe mahari.

Simbi ikalala mgongo juu.

"Pole," akasema Bwanali. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, mmoja wa wale wanaokunyang'anya huku wanakuonea huruma. Akalikunjua debwani, akalitazama juani, akajitupia begani. "Nguo nzuri. Aliyeichagua ana macho."

Fikirini akamgeukia mjomba wake Shamte, aliyekaa nyuma yake akitafuna muhogo wa kuchoma.

"Mjomba, tumekwisha."

"Tumekwisha nani? Umekwisha wewe. Nilikwambia nini tulipopita Chiwata?"

"Uliniambia nile kwanza ndipo nicheze."

"Hukula?"

"Nilikula."

"Nikakwambia pia usipeleke mkekani kitu usichotaka kukiacha mkekani."

"Halafu ukaniambia niweke debwani."

Shamte akakohoa. "Hilo la debwani nilisema kama mchezaji. Lile la kwanza nilisema kama mjomba."

Huyo ndiye Shamte, kwa wale ambao ndio kwanza wanajiunga nasi. Ni kaka wa mama yake Fikirini, ni mshenga wa posa hii, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna mtu kati ya Lukuledi na Ruvuma anayejua raha ya matembezi ya kamari kumzidi. Njia nzima kutoka Masasi alikuwa akimfundisha mpwawe. Ukishindwa mara mbili, ondoka ukatazame ngoma. Ukiwa unashinda, usisimame kupiga soga na mtu. Pombe ni ya jioni, mchezo ni wa mchana. Masharti mazuri yote, na hakuna hata moja ambalo Shamte mwenyewe aliwahi kulishika tangu azaliwe.

Mavuno yalikuwa yamekwisha, jando limetoka, na Newala nzima ilikuwa na wageni. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita miaka michache tu, njaa yake ilikuwa imekwisha, na watu walikuwa na hamu ya kucheka. Jioni hiyo mapiko, wachezaji wa vinyago, wangecheza. Kabla ya hapo kila mwenye kuku au tumbaku alikuwa mkekani kwa Bwanali.

"Bado kuna dawa," Shamte akanong'ona. "Nuksi imekushika mikononi. Nawa. Nawa mpaka miguu, kisha urudi mkekani na kofia yangu."

"Ninawe wapi?"

"Si mtungi ule pale?"

Kweli, mlangoni pa nyumba, chini ya paa, palikuwa na mtungi mkubwa, umejaa, na kata juu yake. Fikirini akainuka. Akachota kata ya kwanza, akanawa mikono. Akachota ya pili, akanawa uso na shingo. Akachota nyingine, akamimina miguuni, mguu huu na mguu huu, taratibu, kama mtu aliye kwao. Akamalizia kwa kusukutua, akatema kwenye vumbi.

Alipogeuka, hakuna aliyekuwa akicheza. Mchezaji mmoja alikuwa ameshika simbi mkononi, kasahau kuzirusha. Hata mwalimu Danieli, Mkristo wa misheni aliyepanda nao kutoka Masasi kutembelea jamaa zake, alikuwa amefunga mwavuli wake na kukaa wima. Danieli alikuwa hajacheza hata mara moja tangu afike, ila hakuna mrusho alioukosa kuutazama.

"Kijana," akasema Bwanali, na upole ulikuwa umekwisha. "Kwenu wapi?"

"Masasi."

"Nyumbani kwenu mna kijito?"

"Kipo nyuma ya nyumba."

"Nilijua tu," akasema Bwanali.

Ninyi wa mabondeni mnaosoma hapa msimcheke, maana hata ninyi mngenawa. Lakini huku juu ya tambarare ya Wamakonde hakuna mto, hakuna kisima, hakuna kijito. Maji yako chini kabisa bondeni. Wanawake huamka jogoo wa kwanza, wakashuka genge, ule mteremko mkali, wakateka, wakapanda tena na mitungi vichwani, na wanapofika nyumbani jua limeshakuwa kali. Kata moja ya maji huku ni ya kupikia. Miguu hufutwa kwa majani.

Kutoka ndani ya nyumba ikasikika sauti ya kikongwe.

"Baba Kurwa! Nani anamwaga maji yangu?"

"Mgeni, mama," akajibu Bwanali.

Muhogo ukamwanguka Shamte mkononi.

Maana sauti ile aliijua. Mwaka wa njaa bibi mmoja wa Newala alishuka na mjukuu wake yatima kutafuta chakula, wakakaa msimu mzima kwa mama yake Fikirini. Hapo ndipo Fikirini na Somoe walipopendana. Posa ilikubaliwa na bibi huyo huyo, naye akasema mahari yapelekwe kwa mwanawe, Baba Kurwa, mjomba wa binti, ambaye wakati huo alikuwa pwani akibeba mizigo ya Mdachi. Hakuna wa Masasi aliyewahi kumwona uso. Na hakuna aliyewaambia kwamba Baba Kurwa wa nyumbani ndiye Bwanali wa mkekani.

"Mjomba," Fikirini akasema polepole, "unataka kuniambia huyu aliyenila debwani ndiye niliyekuwa nampelekea?"

"Usiseme kwa sauti," akasema Shamte.

Lakini ilikuwa imekwisha kusikika. Bibi alikuwa ametoka, ameshika fimbo, na nyuma yake, akitokea njia ya bondeni na mtungi wa pili kichwani, alikuwa Somoe mwenyewe. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye vumbi lililolowa, kisha kwenye miguu ya Fikirini, kisha usoni pake.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Umekuja kunioa au umekuja kuoga?"

Uwanja ukaangua kicheko. Fikirini alitamani ardhi immeze, lakini ardhi ya Newala ilikuwa imeshiba maji yake tayari.

Shamte, nimpe haki yake, ni mtu wa kufikiri haraka. Akapiga goti, akavua kofia, akawaamkia wote kwa mpigo. "Shikamoo mama. Shikamoo Baba Kurwa. Tunashukuru sana kuona mahari yetu yamepokelewa vizuri."

"Mahari gani?" akauliza Bwanali.

"Debwani hilo begani. Tulilileta kwa ajili yako, na wewe unalo. Limefika."

"Limefika kwa simbi. Mimi nimelishinda."

"Lakini lilikuwa lako."

"Kama lilikuwa langu, mlicheza kamari na mali yangu bila ruhusa. Kama lilikuwa lenu, nimelishinda kihalali. Chagua moja, mshenga."

Watu wakaanza kugawanyika pande mbili. Wengine walisema nguo ni nguo, ikishafika begani kwa mjomba posa imekamilika. Wengine walisema mahari huletwa na mshenga kwa mikono miwili, hayarushwi mkekani pamoja na kuku. Mwalimu Danieli alisema jambo hili ni zito na linahitaji kutazamwa kwa makini, akasogea karibu zaidi ili alitazame.

Bibi akagonga fimbo chini.

"Nguo mtabishana wenyewe," akasema. "Mimi nauliza maji. Nilikuwa na wanangu wawili wengine. Walishuka bondeni mwaka wa vita, wakapakwa maji, wakaambiwa risasi haitawagusa. Maji yale yalinidanganya. Haya ya mtungini hayajanidanganya hata siku moja, kwa sababu najua nani ameyabeba. Sasa huyu amemimina asubuhi nzima ya mjukuu wangu juu ya vidole vyake."

Kupoteza debwani kulimuumiza Fikirini, lakini maneno haya yalimtia aibu kabisa.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Nitayarudisha."

"Utayarudisha vipi?"

"Kama alivyoyaleta yeye."

Bibi akamtazama. Kisha akamwambia Somoe atue mtungi wake, maji yamiminwe ndani, na mtungi mtupu apewe kijana. Ndani ya shingo yake mfinyanzi alikuwa amechora mstari.

"Ushuke na kupanda," akasema. "Utabeba kichwani, si begani kama wapagazi. Somoe atakuonyesha njia, lakini asiguse mtungi. Ukifika mlangoni pangu kabla ngoma hazijalia, na maji yakiwa kwenye mstari huu, debwani nitalihesabu mahari, na Baba Kurwa hatasema neno. Yakipungua hata kidogo, nenda kwenu ukanawe vizuri. Posa imekwisha."

"Nimekubali," akasema Fikirini.

Kumbe neno hilo ndilo wachezaji walilokuwa wakilingoja. Kabla hajafika njia ya genge, Bwanali alikuwa ameshakung'uta mkeka na kuutandika upya.

"Atafika au hatafika?" akaita. "Wekeni."

Jamaa zangu, hapakuwa na mchezo wa namna hiyo Newala tangu boma lijengwe. Kuku walifungwa miguu na kurundikwa. Tumbaku ilipimwa kwa mikono. Mtu mmoja aliweka jembe lake akisema kijana wa Masasi atamwaga kabla ya kona ya kwanza. Mwalimu Danieli akawaeleza wote kwamba misheni hairuhusu kamari, kisha akaulaza mwavuli wake upande wa "atafika", apumzishe mkono.

Na Shamte? Shamte alimvuta Bwanali pembeni, wakanong'onezana, wakapeana mikono. Kisha akachukua kibuyu chake na kutoweka. Kumbukeni hilo.

Huko njiani Somoe alikuwa anatangulia, anashuka genge miguu mitupu bila kutazama chini. Fikirini alikuwa nyuma na mtungi mtupu, anashika mizizi kwa mkono mmoja.

"Kwa nini ulicheza?" Somoe akauliza bila kugeuka.

"Mjomba alisema matembezi bila kamari ni safari ya mzigo tu."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilikuwa nataka kukuletea zaidi ya debwani. Nilidhani nikishinda nitakununulia leso mbili za Lindi."

"Nilikuomba leso?"

"Hukuniomba."

"Niliomba nini tulipoagana kwenu?"

Fikirini akakumbuka. "Uliomba nifike mapema."

"Basi," akasema Somoe. Lakini bega lake lilikuwa limeanza kutikisika, na Fikirini akajua anacheka.

Chini chemchemi ilikuwa ndogo, na wanawake waliokuwepo walimpisha kwa heshima kubwa iliyojaa dhihaka. Mmoja akamuuliza amejifungua lini. Mwingine akamuuliza kama mumewe anamtendea vizuri. Fikirini akajibu kwamba mumewe ni mkali ila anapika vizuri, wakacheka mpaka wakakaa chini, na kuanzia hapo wakawa upande wake.

Akajaza mtungi mpaka juu ya mstari. Akauinua. Alikuwa amewahi kubeba utomvu wa mpira na nta mpaka Lindi, mizigo mizito kuliko huu, lakini mzigo wa mpira hukaa ulipowekwa. Maji yalitaka kwenda kushoto, kisha kulia, kisha yakamlowanisha sikio.

"Hutafika hata kwenye lile jiwe," akasema Somoe. Akafungua ngata yake ya kichwani, akamrushia. "Bibi alinikataza kugusa mtungi. Ngata hakuitaja."

"Na maji yanayocheza?"

"Kata tawi lenye majani, uliweke juu ya maji. Yatatulia. Na usitazame miguu. Tazama mbele, kitu kimoja, mpaka ufike."

"Nitazame nini?"

"Mgongo wangu, kama hujauchoka."

Akautazama. Wakapanda. Shingo iliuma, kisha ikaacha kuuma, kisha ikauma upya mahali pengine. Jasho liliingia machoni, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Kona moja ikapita, na nyingine. Wachezaji waliokuja kuchungulia ukingoni juu wakaanza kupiga kelele, wengine za furaha, wengine za kuwalilia kuku wao waliokuwa wanawaona wakiondoka.

Walipobakiwa na kona ya mwisho, wakamkuta mtu amekaa juu ya jiwe kando ya njia, ameshika kifua.

"Mjomba?" Fikirini akasimama. "Shikamoo. Una nini?"

"Marahaba, mwanangu," akasema Shamte kwa sauti ya mgonjwa. "Kiu. Nilishuka nikutazame, jua likanipiga. Nipe maji kidogo."

"Nyumba ile pale," akasema Somoe. "Panda, utapewa."

"Sifiki."

Somoe akamsogelea Fikirini, akamwambia chini chini, "Hana kiu. Tazama midomo yake, inang'aa mafuta ya kuku."

"Nimeona."

"Basi pita. Ngoma zinawambwa hizo, zisikilize."

Fikirini alizisikia. Alikumbuka pia sharti la mjomba mwenyewe, kwamba anayeshinda hasimami kupiga soga. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kibuyu mkononi mwa Shamte. Alikijua. Mwaka wa vita, walipokimbia Masasi na kujificha porini, mjomba alikuwa akimpa yeye maji yote ya kibuyu kile, na mwenyewe akilamba umande kwenye majani akisema hapendi maji. Fikirini alikuwa kijana mbichi bado, akamwamini. Baadaye ndipo alipoelewa.

"Chota, mjomba," akasema.

Shamte hakutegemea. Alitazama huku na huku, kama mtu aliyetaka kukataliwa. Kisha akasimama juu ya jiwe, akachovya kibuyu mtungini.

"Asante," akasema, sauti ikiwa imepona.

Somoe akageuka kwa hasira, akatangulia kwa hatua za haraka.

Walipotokea uwanjani, wapiga ngoma walikuwa wanainua vijiti. Bibi aliwazuia kwa fimbo. Fikirini akapiga magoti mlangoni, akautua mtungi kwa mikono iliyokufa ganzi, akaondoa majani. Watu wakasongamana. Bibi akaingiza mkono ndani ya shingo ya mtungi, akapapasa.

"Hayajafika mstarini," akasema.

Upande mmoja wa uwanja ukaguna, upande wa pili ukaanza kufungua kuku.

"Yamepungua kidogo tu. Yamekwenda wapi?"

"Nilikutana na mtu mwenye kiu," akasema Fikirini.

"Ukampa?"

"Nilimpa."

"Ulijua mkataba wetu?"

"Nilijua, bibi."

"Alikuwa nani?"

Fikirini akaanza kuokota majani aliyoyaondoa mtungini. Somoe alikuwa ameshafungua mdomo kumtaja, lakini Bwanali akawahi. Alikuwa anacheka.

"Basi Shamte, umenishinda," akasema, akalivua debwani begani. "Tulipatana, kofia yako kwa debwani hili, na wewe ukasema hatafika. Lako. Sijapata kuona mtu anayemjua mpwawe namna hii."

Watu wote wakamtazama Shamte, naye amesimama na debwani mkononi na kibuyu mkononi.

"Uliweka dau kwamba nitashindwa?" Fikirini akauliza.

Shamte alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Nilifikiri nguo tumeshapoteza, na binti utampoteza. Kupanda genge na mtungi, wewe? Nikasema angalau nguo irudi. Ningemtazamaje mama yako, mwanangu? Nilikuja na mpwa na debwani, nirudi na nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, usingenipa maji."

"Ningekupa," akasema Fikirini.

Na mimi ninayewasimulia namwamini. Shamte naye alimwamini, maana uso wake ulibadilika. Akalitazama debwani, nguo nzima ya mavuno ya dada yake, imerudi mikononi mwake salama. Akapiga hatua mpaka mlangoni, akakizibua kibuyu, akakiinamisha juu ya mtungi. Maji yakatoka. Akakitikisa mpaka tone la mwisho.

"Sikuyanywa," akasema. "Yamenishinda kupita kooni."

Bibi akaingiza mkono tena. Safari hii hakuhitaji kupapasa sana. "Yamefika mstarini," akasema.

"Haihesabiki," yule mwenye jembe akapinga. "Kijana hakuyabeba yote mwenyewe."

"Ameyabeba nani mengine?" Bibi akamuuliza.

"Mjomba wake."

"Na kwetu sisi, mjomba wa mtu ni nani?"

Yule mtu akafikiri, akainama, akalisukuma jembe lake kwa walioshinda. Huku juu, na kwa Wayao wa Masasi vile vile, mtu ni wa upande wa mama yake, na mkono wa mjomba ni mkono wako. Hata Bwanali, ambaye mwenyewe ni mjomba, hakuona pa kupitia. Shamte akamrudishia debwani kwa mikono miwili, goti moja chini, kama alivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Kisha akavua kofia yake ya vito, akaiweka mkekani kulipa dau aliloshindwa kwa kupenda. Kichwa chake kilikuwa hakina hata unywele mmoja, na kiling'aa vizuri jua la jioni. Watoto walishangilia zaidi ya walivyoshangilia mapiko mwaka huo.

Fikirini akamwendea, akamshika mkono.

Mwalimu Danieli akaokota mwavuli wake, pamoja na kuku wawili ambao, alieleza, walikuwa wamejisahau chini yake.

"Imekwisha," Bwanali akatangaza, debwani begani, kofia ya Shamte ikiwa imemkaa juu ya nywele kama kifuniko cha chungu. "Mahari nimeyapokea. Kijana atahamia kwetu kama desturi, atajenga hapa uani, na maji atayajua vizuri. Pigeni ngoma."

"Ngojeni," akasema Somoe.

Alikuwa amesimama katikati ya mkeka. Wanawake wa uwanja ule hawakanyagi mkeka wa kamari, na yeye alikuwa juu yake na vumbi la genge miguuni. Akainama, akaokota simbi zote nne.

"Mjomba wangu amecheza. Mjomba wake amecheza. Yeye amecheza. Hata mwalimu amecheza."

"Mimi nilikuwa napumzisha mwavuli," akasema Danieli.

"Mimi ndiye niliyekuwa dau tangu asubuhi, na sijarusha hata mara moja. Hata moja ikilala mgongo juu, Fikirini anahamia hapa kama desturi, na mtungi kuanzia kesho ni wake." Akamtazama Fikirini, kisha kwa shida akamtazama bibi yake. "Midomo yote minne ikiwa juu, mimi ndiye ninayehama. Nashuka naye Masasi, nikakae penye kijito nyuma ya nyumba. Na bibi anashuka na mimi, akanawe miguu mpaka achoke."

"Nnungu wangu," akasema Bibi, akatafuta pa kukaa.

"Haijawahi kutokea," Bwanali akanguruma. "Mke kumfuata mume? Weka simbi chini."

Somoe akaziweka chini, kwa namna yake. Alizirusha juu kuliko alivyowahi kuzirusha mtu yeyote siku hiyo, na uwanja mzima ukainua vichwa kuzitazama.

Moja ikatua, mdomo juu. Ya pili, mdomo juu. Ya tatu ikagonga mguu wa Bwanali, ikajigeuza, mdomo juu. Ya nne ilikuwa bado inazunguka mbele ya magoti ya Bibi, na Bibi, aliyezeeka juu ya tambarare akifuta miguu kwa majani, alikuwa ameinyooshea mkono.